NDEGE NI ZETU, NA HESABU IWE YETU

Kila mwananchi aionapo ndege yenye nembo ya twiga ikikata mawingu hujisikia fahari, na fahari hiyo ni halali yake. Ndege ile ni mali yake. Imenunuliwa kwa kodi ya mkulima wa zabibu wa hapa Mtumba, ya mvuvi wa Ukerewe, ya mchimbaji wa Geita na ya mwenye duka wa Kariakoo. Wengi wao hawajapata kukanyaga ngazi ya ndege hata siku moja, na huenda hawatapata. Kwa sababu hiyo hasa sisi twasema: mwenye mali ana haki mbili. Ana haki ya kuifurahia, na ana haki ya kuuliza inamwingizia nini. Haki ya kwanza tumeitumia vya kutosha. Wiki hii twataka kuitumia ya pili.

Habari zenyewe hazikufichwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amezitoa hadharani. Mwaka wa fedha 2021/22 Shirika letu la Ndege lilipata hasara ya shilingi bilioni 35. Mwaka 2022/23 hasara ikawa bilioni 56.64. Mwaka 2023/24 ikapanda tena hadi bilioni 91.8. Tafsiri yake ni nyepesi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Kama hasara ya mwaka ule mmoja ingechangwa na kila mtu, tangu mtoto mchanga wa Chamwino hadi bibi kizee wa Newala, kila mmoja angetoa karibu shilingi 1,500. Na hasara haichangwi na mtu mwingine ila sisi, maana Serikali haina shamba wala mgodi wa siri. Fedha zake ni zetu.

Wako ndugu wanaosema kwamba kuuliza maswali haya ni kulivunjia heshima Shirika. Hatukubaliani nao. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kinacholivunjia Shirika heshima ni hasara inayokua mwaka hata mwaka huku wenye mali wakipiga makofi uwanjani kila ndege mpya inapotua.

TULIKOTOKA

Tusisahau historia, kwa kuwa imekwisha kutufundisha somo hili mara mbili. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 likiwa na eropleni 6 ndogo za Dragon Rapide. Mwaka 1960 likapata Comet, na mwaka 1966 likapata Super VC10, ndege zilizoruka hadi London na kushindana na wakubwa wa dunia. Lilikuwa mali ya nchi zetu pamoja. Lakini washirika walipoanza kubishana juu ya nani alipe na nani achukue, lilikufa. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mwezi Machi mwaka huohuo tukaunda Shirika letu wenyewe.

Mwaka 2002 tulidhani dawa ni kumwuzia mgeni. Shirika la Ndege la Afrika Kusini likachukua asilimia 49 ya hisa kwa dola milioni 20. Mwaka 2006 ndoa hiyo ilivunjika na Serikali ikazirudisha hisa. Mwezi Desemba 2008 Shirika lilinyang'anywa cheti cha kuruka kwa muda. Ilipofika mwaka 2016 lilikuwa limebaki na ndege moja tu ya kazi. Na yule tuliyemwendea atuponye hakuwa mzima: mwezi Desemba 2019 naye aliwekwa chini ya wasimamizi wa kuokoa mashirika yaliyofilisika.

Tangu Septemba 2016 Taifa limefanya kazi kubwa, na atakayeikana hasemi kweli. Zilikuja Bombardier za viti 76. Mwaka 2018 ikaja Boeing Dreamliner ya viti 262, na Airbus A220, ambayo Tanzania ilikuwa ya kwanza kuwa nayo barani Afrika. Mwezi Juni 2023 ikaja ndege ya mizigo inayobeba tani 54, na Oktoba mwaka huo ikaja Boeing 737 MAX 9. Safari za Mumbai zilifunguliwa mwaka 2019, za Guangzhou mwaka 2021 na za Dubai mwaka 2024. Kununua tumeweza. Swali lililobaki ni gumu kuliko kununua: tutaziendeshaje zilipe?

KITI KITUPU HAKINA NAULI

Ndege ina tabia tofauti na duka. Mwenye duka asipouza sukari leo ataiuza kesho. Mwenye ndege asipokiuza kiti kabla mlango haujafungwa, nauli ya kiti hicho imepotea milele. Tuseme Dreamliner inatoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou ikiwa na abiria 130 katika viti vyake 262. Je, itachoma nusu ya mafuta? Haichomi nusu. Itapunguziwa ushuru wa kutua? Haipunguziwi. Rubani atalipwa nusu ya mshahara? Hata kidogo. Gharama ni karibu zilezile, na sehemu kubwa yake hulipwa kwa dola: mafuta, vipuri, bima, ada za anga za nchi tunazopita. Kumbe sehemu kubwa ya nauli tunaipata kwa shilingi.

Kwa hiyo njia ya nje inaweza kumletea mtu sifa na kumfilisi siku hiyohiyo. Na biashara hii haina mafuta mengi ya kulamba hata kwa mabingwa. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilikadiria mwezi Juni 2025 kwamba mashirika ya dunia yatapata faida ya dola 7.2 kwa kila abiria, na ya Afrika dola 1.3 tu. Dola moja na senti kidogo! Safari moja ikifutwa, abiria wakilazwa hotelini na kurudishiwa nauli, faida ya abiria wengi sana imekwisha kuliwa.

WANAOSHINDANA NASI

Tuwatazame wanaoshindana nasi bila woga na bila dharau. Emirates ya Dubai ni mdogo wetu kwa umri. Ilianza mwaka 1985, miaka minane baada ya Shirika letu, ikiwa na ndege 2 za kukodi kutoka Pakistan. Leo ndege zake zinachukua watu Dar es Salaam na kuwatawanya ulimwenguni. Siri yake haikuwa bendera. Ilifanya uwanja wake kuwa njia panda: mtu wa Dar es Salaam, wa Lagos na wa Nairobi wanakutana Dubai, na kutoka hapo wanajaza kwa pamoja ndege ya Guangzhou. Ethiopia inafanya hivyohivyo Addis Ababa, Qatar Doha, na Uturuki Istanbul.

Sisi tunapokwenda Guangzhou tukiwategemea wasafiri wa Dar es Salaam peke yao, tunapigana na mtu mwenye mito kumi inayomwaga maji katika bwawa moja, nasi tuna kisima. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaipenda safari ya moja kwa moja, maana inampunguzia saa nyingi za kungoja ugenini. Lakini huyo ni mtu wa hesabu. Anataka kwenda Jumatatu shehena inapokuwa tayari, si Alhamisi. Na akiambiwa ndege inaondoka saa nne, anataka iondoke saa nne. Mara ya kwanza ikiahirishwa atasamehe kwa uzalendo. Mara ya pili atanunua tiketi ya Addis Ababa, na hatuna haki ya kumlaumu.

Wako wanaodhani ugonjwa ni umiliki. Mmoja husema, "Uzeni, Serikali haijui biashara." Mwingine husema, "Ya Serikali hayauliziwi faida." Wote wawili wamekosea, na majirani zetu ni ushahidi. Shirika la Ethiopia ni mali ya Serikali kwa asilimia mia, nalo ndilo kubwa kuliko yote barani, lenye chuo chake cha marubani na karakana zake. Shirika la Kenya liliuzwa mwaka 1996, KLM ikachukua asilimia 26 na hisa nyingine zikauzwa kwa umma. Likaja kuzama katika hasara kwa miaka mingi, likapata faida ya shilingi za Kenya bilioni 5.4 mwaka 2024, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi, kisha nusu ya kwanza ya 2025 likarudi katika hasara kwa kuwa Dreamliner zake zilisimama kwa kukosa injini na vipuri. Linaloamua ni namna shirika linavyotawalwa, awe Serikali au mtu binafsi mwenye hisa. Je, meneja ana ruhusa ya kusema hapana? Je, ndege zina injini za akiba? Je, njia inayokula fedha inafungwa, au inaachwa kwa kuona haya?

NDEGE ILIYOLALA

Hilo la injini limetuumiza. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022 Airbus A220 zetu zililazimika kusimama chini kwa matatizo ya injini zake. Kasoro ilikuwa ya kiwandani, na mashirika mengine duniani yaliumia pia. Lakini mwenye ndege 50 zikisimama 4 anaendelea na safari. Mwenye ndege chache zikisimama 4 anafuta safari, na abiria wake wanahamia kwa jirani. Ndege iliyolala haiingizi hata senti, lakini gharama zake nyingi hazilali nayo. Kutokana na hayo yapasa tujifunze kwamba injini ya akiba iliyofunikwa turubai karakanani, isiyopigwa picha na mtu, huenda ina manufaa kuliko ndege mpya inayopokewa kwa ngoma.

Kisha likaja la Ulaya. Mwezi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliingiza Shirika letu katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama, na mwezi Juni 2025 ukayaingiza mashirika yote yaliyoidhinishwa Tanzania. Watalii wengi wanaokuja Zanzibar, Serengeti na Kilimanjaro ni watu wa Ulaya. Soko hilo likafungwa mbele ya pua zetu, na wengine wakaendelea kuwaleta na kula nauli.

Ni rahisi kupiga kelele kwamba huo ni ubeberu. Gazeti hili halina sababu ya kuwatetea wazungu. Lakini hasira haitengenezi ndege wala haiwafundishi wakaguzi. Kama kasoro zilizotajwa si za kweli, zijibiwe kwa karatasi na vipimo. Kama ni za kweli, zirekebishwe upesi, si kwa kuwaogopa watu wa Brussels, ila kwa sababu wanaopanda ndege hizo kila siku ni ndugu zetu wenyewe wa Mwanza, Mbeya na Kigoma. Usalama wa mtoto wa Mtanzania haungoji amri ya Ulaya.

SAMAKI WETU, NDEGE ZA WENZETU

Kuna mali nyingine ambayo mara nyingi tunaisahau, nayo ni mizigo. Kwa miaka mingi maua na mboga za Arusha zimepakiwa katika malori, zikavuka Namanga na kurushwa kutoka Nairobi. Minofu ya sangara wa Ziwa Victoria nayo imepitia viwanja vya majirani. Mvuvi ni wetu, ziwa ni letu, lakini nauli ya anga ililipwa kwingine. Ndege ya tani 54 ilinunuliwa kuziba pengo hilo.

Mwezi Januari 2024 tuliona jinsi soko hili linavyogombewa. Kenya ilikataa ndege yetu ya mizigo isichukue shehena Nairobi na kuipeleka nchi za tatu. Tarehe 15 mamlaka yetu ya anga ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Shirika la Kenya halitaleta tena abiria Dar es Salaam. Ndani ya siku chache wakubwa wakazungumza na mambo yakatulia. Tuliunga mkono msimamo wa kudai haki sawa, na tutauunga tena. Lakini haki ya kupakia ni mlango tu. Mlango ukifunguliwa na nyuma yake hakuna vyumba vya baridi, hakuna mikataba na wenye viwanda vya samaki, hakuna shehena ya kwenda na ya kurudi, ndege itaruka ikiwa imejaa hewa. Parachichi la Njombe halingoji mkutano upite; linaiva.

MSALATO NA SISI WA DODOMA

Hapa twataka kusema na wanachama wa nyumbani. Tangu Chama kilipoamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, watu wa huku tumengoja kwa subira. Leo wizara ziko hapa Mtumba. Reli mpya ya umeme ilizinduliwa tarehe 1 Agosti 2024, na mtu anatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiozidi saa nne hivi. Kaskazini ya mji, ujenzi wa uwanja wa kimataifa wa Msalato, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, ulizinduliwa mwezi Oktoba 2022 kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Ni mambo ya kujivunia. Lakini tunazijua sauti zitakazokuja nyuma yake. Zitasema: "Makao makuu bila safari ya Dubai ni makao makuu gani?" Zitataka Dodoma iunganishwe na miji ya mbali kwa ajili ya heshima, na huenda zikatoka vinywani mwetu sisi wenyewe. Tunawaomba ndugu zetu wajizuie. Uwanja ni barabara. Barabara haimleti mteja asiye na haja ya kusafiri. Ikiwa baadaye watu wa kutosha na shehena ya kutosha vitapatikana Msalato, ndege itakuja bila kubembelezwa. Kabla ya hapo, mwenye safari atafika Dar es Salaam kwa treni au kwa ndege ndogo na kuunganisha. Mpenda Dodoma wa kweli hataki mji wake utajwe katika taarifa ya Mkaguzi kuwa ndio uliokula fedha.

TUNAYODAI

Gazeti hili halipendi kulaumu bila kuonyesha njia. Tunadai mambo matano.

Kwanza, itolewe hesabu ya kila njia ya nje peke yake. Jumla ya hasara haimfundishi mtu. Tuambiwe Mumbai imeingiza kiasi gani na imekula kiasi gani, Dubai vilevile, Guangzhou vilevile: viti vilivyouzwa, mizigo, mafuta, na kodi ya ndege inayolipwa kwa Wakala wa Ndege za Serikali, ambao ndio wenye ndege hizo. Siri ya bei mshindani asipewe, lakini mwenye mali asinyimwe habari za mali yake.

Pili, njia ziwe chache na safari ziwe nyingi. Heri kwenda miji mitano kila siku kwa saa iliyotajwa kuliko kwenda miji kumi na mitano kwa kubahatisha. Na ndege za Lusaka, Harare, Lubumbashi, Bujumbura na Mwanza zipangwe zifike Dar es Salaam kwa saa zinazowiana na kuondoka kwa ndege za mbali, ili nasi tuwe na mito inayojaza bwawa letu.

Tatu, injini za akiba, vipuri na mafundi vitangulie ndege mpya. Tusipokee ndege nyingine kwa sherehe wakati ile ya jana imesimama uani.

Nne, vyumba vya baridi na mikataba ya shehena viende sambamba na ndege ya mizigo. Wizara za kilimo, mifugo na uvuvi, na uchukuzi zote ziko hapa Mtumba, umbali wa kutembea kwa miguu. Haina maana kuziweka jirani ikiwa hazizungumzi.

Tano, Serikali itenganishe huduma na biashara. Ikiwa kwa sababu za nchi Serikali inataka ndege iende mahali pasipolipa, ni haki yake. Lakini ilipe tofauti yake waziwazi katika bajeti, Bunge lione. Isimtume meneja kwenda kupata hasara, kisha ikamwuliza kwa nini amepata hasara. Na ofisi za Serikali zinapochukua tiketi, zilipe kwa wakati kama abiria wengine.

Hatukuyaandika haya kwa kulichukia Shirika. Wapo wanaolichukia, hao wanangoja life wapate kusema kwamba Mwafrika hawezi. Sisi twajua kwamba anaweza, kwa sababu Mwethiopia ameweza, kwa fedha ya Serikali na kwa mikono ya Waafrika. Lakini hakuweza kwa nderemo. Ameweza kwa daftari, kwa karakana na kwa saa.

Mwanachama, utakapokutana na mbunge wako katika mkutano wa kata, usimwulize tena ni ndege ngapi tunazo. Mwulize ni ngapi zinaruka, zimejaa kiasi gani, na ni njia ipi iliyorudisha fedha yake. Asiyejua, mpe muda akatafute majibu; Mtumba si mbali. Na atakapoyaleta, myasome pamoja hadharani, maana ndege zile ni zenu.